Walichokiona na jina walilokipa: tuzungumze Lukwata na wanyama wengine wanaosemwa Uganda

Mwanamwalo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana nimekaa nao moyoni muda mrefu kabla ya kuuandika.

Mimi nanunua na kukausha samaki kwenye mwalo mmoja upande wa Busoga, Ziwa Victoria. Hapa kwetu kuna Wasoga, Waganda, Wasamia, Wajaluo, hata Waaluri waliofuata mukene (dagaa wa ziwani), ndiyo maana Kiswahili ndicho tunachouziana nacho. Miaka kadhaa iliyopita, jua likizama, kijana mmoja alikuwa anatoa maji mtumbwini kwa kopo, amesimama kwenye maji ya magoti. Alichukuliwa. Kopo lilibaki linaelea.

Mashahidi walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa juu kwenye vichanja vya mukene, akasema ameona kitu cheusi kama mtumbwi uliopinduliwa. Wa pili hakuona kitu, alisikia mlio mzito kama wa fahali. Wa tatu ni binti wa kuuza chapati, na ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, kama hatua 20 hivi. Usiku ule ule, kabla watu hawajakusanyika, aliniambia hivi: mgongo ulikuwa na meno-meno kama msumeno, ulizama polepole bila kurusha maji, haukutokea tena.

Kulipokucha hadithi ilikuwa moja tu, Lukwata, yule mnyama wa ziwani wa masimulizi. Kichwa cha farasi, shingo ndefu, mlio wa fahali. Nilipomuuliza yule binti siku ya tatu, naye alishaongeza shingo. Hakuwa mwongo, na naomba mtu yeyote asimwite hivyo. Alikuwa amesikia watu wazima wakisimulia usiku na mchana, na masimulizi yao yakampa shingo ambayo macho yake hayakuiona.

Tukaenda ofisini kutoa taarifa. Ofisa alifungua daftari vizuri tu, akauliza ni kitu gani kimemchukua kijana. Mzee wetu akajibu, Lukwata. Ofisa akaweka kalamu chini. Akatupa pole, akatuambia mambo ya mila tuyamalize huko huko kijijini. Hakuandika hata mstari. Wiki sita hazijaisha, pale pale, mtoto wa shule aliyetumwa maji akachukuliwa naye. Ndipo wakaja watu wa wanyamapori, wakatega, wakamnasa mamba wa zaidi ya mita 4.

Sijasahau hata siku moja. Mtu aliyeona mgongo wa msumeno alikuwepo tangu usiku wa kwanza, na mgongo wa namna ile ziwani ni wa mamba, mtoto wa mvuvi anajua. Lakini sisi tulimpelekea ofisa jina, tukauacha mgongo nyumbani. Naye alipolikataa jina akadhani amelikataa jambo lote.

Tangu hapo natunza daftari. La kwanza limejaa, niko kwenye la pili. Kila anayesema ameona kitu namwandika alichokiona kwanza, na jina alilokipa naliandika chini, mbali, kwenye mstari wake peke yake. Nimegundua kwamba hapa Uganda majina yenyewe ni mtego. Chukua neno mamba. Kwa Kiswahili ni yule mla watu. Kwa Luganda mmamba ni samaki, yule mrefu mwenye mapafu anayejifukia kwenye tope ziwa likikauka, wenzetu Wajaluo wanamwita kamongo, na kuna ukoo mzima wa Baganda unaoitwa kwa jina lake. Mamba wa Kiswahili kwao ni goonya. Sasa askari kutoka kaskazini anauliza kwa Kiswahili, "Ni mamba?" na mvuvi Mganda anajibu hapana, mmamba hali mtu. Wote wawili wamesema kweli na taarifa imekufa palepale.

Turudi kwa Lukwata. Habari zake ziliandikwa zamani. Harry Johnston, aliyekuwa kamishna maalumu wa Uingereza hapa tangu 1899 hadi 1901, alimtaja katika kitabu chake cha 1902 kuhusu Uganda. Mwaka 1913 C. W. Hobley aliandika juu ya wanyama wasiotambuliwa wa Afrika Mashariki, akasema hata Sir Clement Hill, mkubwa wa serikali ya Uingereza ambaye meli ya ziwani iliitwa kwa jina lake, alimwona. Baadaye Kapteni Pitman, mkuu wa wanyamapori wa Uganda na mtu aliyewajua nyoka wa nchi hii hadi akawaandikia kitabu 1938, naye akayarekodi maneno ya wavuvi: kwamba Lukwata hupigana na mamba, na vipande vya mwili vinavyobaki majini huokotwa na kutunzwa kama dawa.

Wengi wakifika kwa Hill wanasimama wanasema basi, mkubwa ameona. Mimi ukubwa wa mtu haunisaidii. Nataka kujua alikuwa mbali kiasi gani, mwanga ulikuwaje, alitazama kwa muda gani, na alimsimulia nani kwanza. Kinachonishika zaidi ni vile vipande vya Pitman. Kipande cha ngozi hakihitaji cheo cha mtu. Kiweke mezani kitajieleza chenyewe.

Na hapa nchini kwetu tunao mfano wa jambo hilo, tena wa Johnston yule yule. Stanley alikuwa ameshasikia kwa Wambuti wa msitu wa Ituri habari za mnyama kama punda, akaziandika katika kitabu chake cha 1890. Mwaka 1900 Johnston akavuka mto Semliki kuingia Kongo, akiwarudisha kwao Wambuti waliokuwa wametekwa na Mzungu aliyetaka kwenda kuwaonyesha watu huko Paris. Wakamweleza mnyama huyo, na mistari yake miguuni. Johnston kichwani mwake akaona farasi, au punda milia wa msituni. Walipomwonyesha nyayo, alikuta kwato zilizopasuka katikati kama za ng'ombe. Akakataa. Akaona wanamwonyesha nyayo za pofu, yule swala mkubwa, maana farasi hana kwato mbili.

Wale wawindaji walikuwa sahihi, na msomi ndiye aliyekosea, kwa sababu jina lilimtangulia kichwani. Alipata mikanda iliyoshonwa kwa ngozi ya mnyama huyo, akaipeleka London, na wataalamu wa huko nao, 1901, wakampa jina la jamii ya farasi. Mwaka huo huo ofisa Msweden aliyekuwa Kongo, Karl Eriksson, akampelekea ngozi nzima na mafuvu mawili. Ndipo ikajulikana huyu ni ndugu wa twiga. Okapi.

Kwa hiyo sisemi wavuvi wetu wasisikilizwe. Nasema wasikilizwe kuliko tunavyowasikiliza sasa, ila tuulize nyayo kabla ya jina. Karibuni, hasa wenye visa vyenu.

---

Kijana wa Bombo

Mkuu Mwanamwalo, pole sana kwa msiba huo. Lakini naona mamba umemkimbilia mapema. Babu yangu alikuwa mwanajeshi, Mnubi wa hapa Bombo, si mtu wa kutishika. Mpaka anazikwa alisimulia kwamba kati ya Entebbe na visiwa vya Ssese, asubuhi maji yametulia, aliona kitu kirefu kinakwenda, vinundu vitatu au vinne vinapanda na kushuka, kinakwenda dhidi ya upepo. Mamba hana vinundu vinavyopanda na kushuka.

Pili, yule samaki silakanti. Wasomi walisema alitoweka pamoja na dinosaria, akaja kuvuliwa Afrika Kusini 1938, hai. Aliyejificha miaka milioni 66 amepatikana, kwa nini ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 lisimfiche mnyama mmoja?

Mwanamwalo

Ndugu yangu, asante, na Mungu amrehemu babu. Ushahidi wake naupenda kuliko mwingi nilionao. Ameweka mahali, ameweka hali ya maji, amehesabu vinundu, na amesema dhidi ya upepo. Neno hilo moja linaondoa gogo, na linaondoa rundo la magugu maji yanayosukumwa na upepo. Lazima ni kitu kinachoogelea. Je, aliwahi kusema vinundu vilikuwa na ukubwa gani? Kama kichwa cha mtu? Kama kiboko? Na vilizama kwa pamoja au kimoja kimoja?

Kuhusu silakanti, tazama wavuvi wa Komoro. Walikuwa wakimvua miaka yote na jina wamempa, gombessa. Hakujificha kwa watu wa bahari hata siku moja, ni wasomi ambao hawakuwa wamefika kuwauliza. Na bahari ina kina cha maelfu ya mita. Ziwa letu pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Tena waliochimba tope la chini ya ziwa wamekuta kwamba kama miaka 15,000 iliyopita lilikauka kabisa, likawa nyasi. Mnyama mkubwa wa kale aliyeishi humu tangu enzi na enzi angekaa wapi siku hizo? Sangara wenyewe, hawa tunaowaita mputa, waliletwa miaka ya 1950, na tangu walipojaa ziwa limejaa nyavu, usiku na mchana. Sangara wa mita 2 tunamvuta. Kitu kikubwa kuliko hicho, chenye wazazi na watoto (maana mnyama mmoja haishi karne nzima peke yake), lazima kingetuchania nyavu na kuacha kitu chake humo ndani, hata jino.

Mkerewe wa Visiwani

Habari za jioni wanajamvi. Nawasoma kutoka Ukerewe, upande wa Tanzania, ziwa ni moja.

Nadhani babu wa Bombo alisema kweli tupu. Fisi maji. Waganda nadhani mnamwita ng'onge. Hawa wa ziwani hutembea kwa familia, na wakihama kutoka jiwe hadi jiwe wanaogelea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja anapanda kuvuta pumzi na kushuka. Ukiwa mbali na maji yamelala kama kioo, naapa utaona nyoka mmoja mrefu mwenye vinundu. Mimi mwenyewe nimevua ziwa hili tangu utotoni, na siku ya kwanza kuwaona hivyo nilimshika baba mkono. Baba akanyamaza tu, akapiga kasia tukasogea mpaka nyoka akagawanyika, kila kinundu kikawa na masharubu.

Kuna na mkonga wa maji. Wingu jeusi linashusha kitu kama mkia, maji yanapanda kukutana nacho, kinazunguka kinatembea. Ni chamchela ya majini. Huku wazee wanasema ni nyoka anakunywa ziwa, na ukiiona utawaelewa.

Na visiwa vinavyoelea. Ninyi wa Uganda mnakumbuka Aprili 2020, kisiwa cha magugu kilikwenda kuziba mitambo ya umeme pale Jinja, nchi nzima ikakaa gizani. Kitu kizito namna hiyo, chenye miti juu, jana hakikuwepo na leo kipo mbele ya mwalo. Mtu akiamka usiku akakiona kinapita, atasema nini?

Kijana wa Bombo

Nimempigia mama simu. Anasema babu alikuwa akionyesha kwa ngumi mbili zilizounganishwa, hivyo vinundu. Na anakumbuka neno alilokuwa akilisema kila mara, kwamba cha mbele kilizama kwanza, cha pili kikafuata, cha tatu kikafuata, pale pale kilipozamia cha mbele.

Ngumi mbili si kiboko. Mkerewe, nadhani umemwona babu yangu kuliko mimi. Nimebaki nimekaa.

Mwanamwalo

Kijana wa Bombo, nimeandika katika daftari: "Shahidi mzuri, macho mazuri, pengine fisi maji." Babu hajapungua hata kidogo. Kasimulia kwa usahihi kiasi kwamba mtu wa Ukerewe asiyemjua ameweza kuona alichokiona.

Mama Mukene

Wanangu, hamjambo. Mimi nimekausha mukene mwaloni miaka 30 na kitu. Nimesoma yote na nina neno.

Mnaongea kama Lukwata ni kosa la kusahihishwa. Sisi tulilelewa na Lukwata. Mama alituambia maji ya jioni yana mwenyewe, msiende. Hatukwenda, tupo hai. Ziwa lina Mukasa wake, mungu wa maji, wazee wa Ssese walimhudumia kabla ninyi hamjazaliwa, na si kila jina la ziwani ni jina la mnyama. Kuna majina ya heshima. Ukiliondoa unamwachia mtoto nini? Utamwambia aogope takwimu?

Na wewe Mwanamwalo. Mtu amepotelewa na mwanawe, watu bado wako matanga, unafika na daftari na kalamu. Hivyo ndivyo ulivyolelewa?

Mwanamwalo

Shikamoo mama. Umenigusa mahali panapouma, na sina jibu rahisi.

Daftari niliwahi kwenda nalo mapema mno, kwa familia moja, na baba wa marehemu akanitoa nje. Alikuwa na haki. Nilirudi baada ya siku 40 kuomba radhi, tukakaa. Tangu hapo kwa wafiwa siendi. Naenda kwa waliokuwa pembeni, wapita njia, mwenye chapati, kijana wa mashine ya boti. Lakini kwenda nakwenda siku ile ile, mama, kwa sababu nilichokiona kwa yule binti sijakisahau. Usiku alikuwa na msumeno, siku ya tatu alikuwa na shingo. Nikingoja matanga yaishe, msumeno umekwenda. Na yule mtoto wa shule wa wiki ya sita ndiye ninayemuwaza.

Kuhusu heshima ya jina, nakubaliana nawe zaidi kuliko unavyodhani. Bemba Musota wa Buddo, yule nyoka wa hadithi za Baganda, aliyedanganywa na kobe hadi akakubali kukatwa kichwa na Kintu akapata nchi, simtafuti kwa tochi wala sitaki mtu apime urefu wake. Hadithi ile ina kazi yake na imeifanya vizuri. Lukwata wa mama yako pia, yule wa kuzuia watoto, abaki. Ninachoomba ni kwamba siku kitu kimemvuta mtu chini, tusimpe Lukwata lawama ya mamba. Mamba atafurahi sana kusitiriwa.

Mama Mukene

Marahaba mwanangu. Kama unaanza na wapita njia, sawa. Na huyo binti wa chapati, hata leo mwambie hakukosea.

Mtembeza Wageni (Bundibugyo)

Salamu kutoka chini ya Rwenzori. Mimi natembeza wageni kwenye msitu wa Semuliki, na nimefurahi kuona okapi ametajwa, kwa sababu upande huu wa mto zamani alikuwepo. Sasa hayupo tena Uganda. Kule Virunga, Kongo, watu walikuwa wameshakata tamaa naye, mpaka 2008 kamera za kutegea zikampiga picha. Picha ile haikuhitaji mtu wa kuiamini.

Naomba niongeze jambo moja kuhusu namna ya kuuliza, maana nimeliona kwa macho. Wapo wageni wanaokuja na vitabu vya picha za dinosaria. Wanamkalisha mzee Mtwa, wanamfunulia ukurasa, wanasema, "Huyu umewahi kumwona?" Mzee ni mkarimu, mgeni katoka mbali, na mkononi ana zawadi. Anasema ndiyo. Mgeni anarekodi, anarudi kwao na ushahidi. Nimetafsiri mazungumzo ya namna hiyo na nikaona aibu. Mzee yule yule, wageni walipoondoka, aliniambia anamfahamu kila mnyama wa msitu huu kwa mavi yake, na hakuna aliyemuuliza habari ya mavi.

Si jambo jipya. Kule Zambia, Frank Melland aliandika 1923 kuhusu Kongamato, mnyama anayesemwa huruka kwenye vinamasi. Naye aliwaonyesha watu kitabu chenye picha, wakachagua yule mjusi wa kale mwenye mabawa. Ukishatoa picha, shahidi hatoi alichokiona, anachagua kinachofanana nacho katika ulivyomletea. Na ukiwahi kumwona korongo nyangumi akiruka juu ya mafunjo jioni, na mdomo ule kama kiatu, utaelewa kwamba si lazima uende enzi za dinosaria kupata ndege wa kutisha.

Sokwe mkubwa wa milimani, gorila, naye. Watu wa Kisoro walimjua vizazi na vizazi, ila kwa wasomi amezaliwa Oktoba 1902, Kapteni von Beringe alipompiga risasi pale Sabyinyo. Aliyethibitisha ni mzoga. Nashukuru kwamba siku hizi kamera inatosha.

Mwanamwalo

Mtembeza Wageni, hilo la mavi nitalibeba. Ni swali bora kuliko yangu yote.

Hata maji sasa yanaweza kuulizwa bila kuua. Uskoti wana ziwa lao, Loch Ness, na mnyama wao anayesemwa. Mwaka 2018 Profesa Neil Gemmell wa New Zealand na wenzake walichota maji sehemu nyingi za ziwa lile, wakasoma vinasaba vilivyomo, kwa sababu kila kiumbe kinaacha ngozi, kamasi na mavi majini. Majibu yalitoka 2019. Hapakuwa na alama ya mjusi yeyote mkubwa. Kulikuwa na mikunga kila mahali, wengi mno. Nadhani siku moja vijana wetu wa Makerere watalifanyia ziwa hili jambo hilo, na litatupa mengi ya samaki hata kabla hatujafika kwa Lukwata.

Dereva wa Boti

Wakuu, mimi ni msomaji wa kimya, leo nimelazimika kuandika. Niko mwalo mmoja wilaya ya Mayuge. Juzi na jana jioni kuna kitu kimeonekana karibu na mahali wanawake wanapochotea maji. Watu wameshasema ni Lukwata. Mbuzi mmoja amepotea. Nifanye nini?

Mwanamwalo

Ndugu, kwanza kabisa watu wasichote maji hapo, leo, sasa hivi. Mengine baadaye.

Pili, nijibu wewe mwenyewe ulichokiona, usinipe cha wenzio. Ulikuwa mbali hatua ngapi? Ilikuwa saa ngapi, jua limezama au bado? Kiliinuka juu ya maji kiasi gani? Maji yalifanya nini kilipozama? Pamoja na hayo, asubuhi tembea ukingoni ukiwa na mwenzako, mbali na maji, mtazame kwenye mchanga na kwenye matete. Msikanyage alama.

Dereva wa Boti

Nilikuwa juu ya boti iliyovutwa nchi kavu, hatua kama 40. Saa 1 kasoro jioni, bado kuna mwanga. Niliona vitu viwili vidogo mbele, na nyuma yake, mbali kiasi cha mkono mmoja, kitu kirefu kimelala sawa na maji. Hakikusogea kabisa, nilidhani ni gogo. Kisha kikawa hakipo. Maji hayakutikisika.

Mlio sikuusikia mimi. Wengine wanasema waliusikia usiku, kama ngurumo.

Mkerewe wa Visiwani

Vitu viwili vidogo mbele ni macho. Na mamba dume hunguruma, hasa usiku, mtu asiyejua atasema ni radi chini ya maji. Ndugu, tafadhali, msipeleke mtoto yeyote hapo.

Dereva wa Boti

Asubuhi tumekwenda wawili. Matete yamelazwa njia moja, upana wa hatua moja na nusu. Mchangani kuna mfereji katikati kama gunia limeburutwa, na pembeni alama za vidole, vitano mbele, baadhi vyenye kucha. Nimeweka kandambili yangu pembeni nikapiga picha. Mwenyekiti wa kijiji bado anataka tuite mganga kwanza.

Mwanamwalo

Mganga aje, msigombane naye wala na mwenyekiti. Lakini mtu mwingine aende kwa watu wa wanyamapori leo hii, na aende na picha. Akifika asitaje jina lolote. Aseme hivi: mnyama ana macho mawili juu ya maji, mwili umelala, anaonekana saa 1 kasoro jioni siku mbili mfululizo mahali pale pale, ameburuta mkia mchangani, vidole vitano mguu wa mbele, mbuzi mmoja amepotea, na wanawake wanachota maji hatua chache kutoka hapo. Kisha aombe waandike mbele yake, na asubiri hadi waandike.

Mama Mukene

Na wanawake waambiwe na mwanamke. Wakiambiwa na vijana wa boti hawatasikia. Nitumie namba ya kiongozi wa wauza samaki wa hapo, kwa faragha, nimpigie mimi.

Dereva wa Boti

Asante mama, nimekutumia. Mwenzangu ameshaondoka kwa bodaboda na simu yenye picha.

Dereva wa Boti

Wakuu, taarifa. Wamekuja wawili mchana huu. Walipima ule mfereji, wakauliza saa, wakaandika ukurasa mzima, na kesho wanarudi na mtego. Wanawake wanachota kisima cha juu tangu asubuhi, ni mbali lakini wamekubali. Mwenyekiti amekaa na wale maofisa mpaka wakaondoka.